Timu Ikifungwa, Mpenzi Wake Huenda Wapi?

Mtu akikuuliza wewe ni wa timu gani, na timu yako jana imepigwa, humjibu vipi? Wako wanaoitaja timu yao kwa sauti ile ile waliyoitumia siku ya ushindi. Wako wanaojikohoza kwanza. Na wako wanaosema, "Ah, mimi siku hizi mpira siufuati sana." Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo, ndugu msomaji, kwani katika msimu wa mwaka 2019 kuingia 2020 mimi mwenyewe nilisimama mahali pake, na aibu ya kusimama hapo naijua.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na timu yangu ni Bandari. Lakini riziki ya mtu haiko lazima ianguke pale ulipozikwa uzi wa kitovu chake, na yangu Mwenyezi Mungu aliniwekea Mai Mahiu. Nilifika huku nikiwa utingo wa lori la mizigo. Siku moja nikashuka kununua chai, nikaona kuiuza hiyo chai kuna heri zaidi kuliko kulala juu ya turubali kwa baridi ya usiku. Sasa nina hoteli ndogo kando ya barabara. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana wali, na siku ya Ijumaa pilau. Nazi sizinunui huku, huletewa na madereva kutoka kwetu, nami huwalipa kwa chakula.

Kwa msomaji wa Lamu au wa Vanga asiyepajua, Mai Mahiu ni mji mdogo ulioko chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika kaunti ya Nakuru, yapata kilomita 50 na ushei kutoka Nairobi. Jina ni la Kikikuyu na maana yake ni maji ya moto. Ukiteremka ule mlima utapita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliani zama za Vita Vikuu vya Pili, walipokuwa wakiichonga barabara hiyo, na mbele yako utauona mlima Longonot umekatika kileleni mfano wa chungu kilichovunjika mdomo. Hapo mjini njia hupasuka mbili. Moja huelekea Narok, na nyingine Naivasha, Nakuru, hadi mpaka wa Uganda. Malori mazito yanayotoka bandari ya Mombasa hushuka kwa njia hii, na madereva wake wengi ni watu wetu. Nyuma ya hoteli nimewatandikia mikeka na kuwawekea birika za udhu. Mtu akishasali huja kukaa mezani, na baada ya kuuliziana hali za nyumbani, mazungumzo hayachelewi kufika uwanja wa Mbaraki.

Ndivyo nilivyokuwa nikiifuata timu yangu kwa miaka. Redio na simu ninazo kama kila mtu, lakini habari ya mpira ina utamu wake ikiletwa na aliyeuona. Dereva aliyekuwa uwanjani Jumamosi alikuwa akinifikia Jumatatu, na mabao yote nikayaona mezani pangu, kopo la chumvi likiwa golikipa na vijiko vikiwa walinzi.

TIMU YA WATU WA KAZI

Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, na watu humwita mchezaji wake "doka", yaani kuli wa melini. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za watu wa bandarini tunalipenda jina hilo. Marehemu baba alibeba magunia kabla ya makasha ya chuma kuja, na bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine mpaka siku tuliyomzika.

Baba lakini hakuwa mtu wa Bandari. Yeye alikuwa mtu wa Feisal. Vijana wa leo wakilisikia jina hilo hudhani ni la duka au la mtu, nami huwaambia kuwa mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya taifa ya Kenya. Ligi hiyo ilikuwa changa bado. Mwaka wake wa kwanza, 1963, ilichukuliwa na Nakuru All-Stars, wa pili na Luo Union, na wa tatu ukaja kisiwani kwetu. Wazee wa Mombasa wakianza kuhesabu majina ya wachezaji wa enzi ile hawamalizi kabla ya adhana. Na tangu ubingwa ule wa 1965 mpaka msimu ninaousimulia hapa, hakuna timu nyingine ya Pwani iliyopata kulibeba taji la ligi. Zaidi ya miaka hamsini! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikwisha kuwa babu.

Kwa hivyo utafahamu, ndugu msomaji, furaha tuliyokuwa nayo mwaka 2018, Bandari ilipomaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia. Msimu uliofuata ikamaliza ya pili tena. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya SportPesa ikawafunga Simba mabao mawili kwa moja, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Madereva wa Kitanzania waliopita hotelini kwangu wiki ile walikula kimya. Fainali tulipoteza kwa Kariobangi Sharks, lakini miezi michache baadaye tuliwakuta Sharks hao hao katika fainali ya ngao ya Kenya, tukalipa deni na kuichukua ngao. Ngao hiyo ndiyo iliyotupa tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Nilisema moyoni mwangu kwamba huu unaokuja ndio mwaka wetu. Nikamwambia na kijana wangu wa jikoni, mtoto wa dada yangu, ambaye moyo wake uko Uingereza pamoja na timu za televisheni. Akanijibu, "Inshallah, Mjomba," kwa namna ambayo vijana hulitumia neno hilo wanapotaka mtu mzima anyamaze.

NYUMBANI UGENINI

Kitu cha kwanza kilichotuponyoka kilikuwa mlango. Golikipa wetu Farouk Shikalo, aliyekuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019, alivuka mpaka akajiunga na Yanga. Sikumlaumu. Mchezaji ana miaka michache ya kula kwa miguu na mikono yake, na Yanga ni Yanga. Lakini timu iliyozoea golikipa ni kama nyumba iliyozoea mzee wake. Akiondoka, kila mtu humo ndani hulala jicho moja wazi.

Cha pili kilikuwa uwanja. Mechi za Afrika zina masharti yake, na Mbaraki haukuyatimiza. Uwanja wa Manispaa ya Mombasa nao ulikuwa umevunjwa ili ujengwe upya, na ujenzi ukasimama njiani. Basi timu ya bandari ya Mombasa, yenye mji wa watu zaidi ya milioni, ilipewa Kasarani jijini Nairobi iwe nyumbani kwake. Watu wa Mombasa waliotaka kuiona timu yao ikicheza nyumbani iliwabidi kusafiri kilomita 480.

Mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nihame, mechi ya nyumbani ya Bandari ilikuwa karibu yangu kuliko ilivyokuwa karibu na jirani zangu wa zamani. Ilikuwa Agosti 2019, siku zile zile za Idi ya Kuchinja, na wapinzani wetu walikuwa Al Ahly Shendi kutoka Sudan. Nilimwachia mpwa wangu sufuria na funguo, nikapanda matatu kuupandisha mlima, na kanzu yangu ya Idi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Kasarani ni uwanja mkubwa kupita kiasi kwa timu iliyo mbali na kwao. Tulikuwa wachache, tumejikusanya upande mmoja mfano wa abiria wa jahazi linalovuja, na nyuma yetu viti vitupu vilikuwa vikiturudishia sauti zetu wenyewe. Palikuwa na ngoma moja na vijana waliosafiri usiku kucha kwa basi. Walipiga na kuimba dakika zote tisini. Mpira ukaisha nunge kwa nunge.

Tulipokuwa tukitoka nilikutana na dereva mmoja, kijana wa Changamwe, mteja wangu wa siku nyingi anayeniita Ami. Lori lake alikuwa ameliegesha nje ya jiji kwa ajili ya mechi ile. Tulisimama tukatazamana, na yeye akasema, "Ami, umeona? Wageni wamecheza kama wako kwao, na sisi tumecheza kama tuko kwa watu." Sikuwa na la kumjibu. Nilimnunulia soda.

Kule Sudan vijana walitoka sare ya bao moja kwa moja, na bao hilo la ugenini likawavusha. Baadaye wakawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, na hilo si jambo dogo, kwani timu ya Pwani kuwatoa Waarabu wa Kaskazini katika mashindano ya Afrika si habari ya kila siku. Kisha wakaja Horoya wa Guinea. Hapo ndipo safari ilipokatika, kwenye mlango wa mwisho kabla ya hatua ya makundi.

MSIMU UNAVYOOZA

Kutolewa na Horoya hakukuniuma sana. Mgonjwa wangu alikuwa ligi.

Msomaji aliyewahi kuifuata timu dhaifu anajua kwamba msimu hauozi kwa siku moja. Huanza na sare ambayo ungeweza kuiita bahati mbaya. Halafu sare nyingine. Halafu unafungwa na timu ambayo mwaka jana uliifunga ukiwa umelala. Unafungua simu asubuhi, unaangalia msimamo, unaanza kutafuta jina lako juu, unashuka, unashuka, na kila wiki kidole kinakwenda chini zaidi. Timu iliyokuwa ya pili misimu miwili mfululizo ilikuwa sasa imeketi katikati, haitazamwi na wa juu wala haiogopwi na wa chini. Kocha Bernard Mwalala, ambaye ndiye aliyekuwa ametufikisha kule Dar es Salaam na kwenye ngao, hakuumaliza msimu huo.

Ligi yenyewe nayo ilikuwa mgonjwa. Kampuni ya kamari iliyokuwa ikiidhamini ilijitoa Agosti 2019 baada ya mvutano wa leseni na serikali. Wengine wetu pesa ile tangu mwanzo haikutukaa vizuri kooni, kwani mchezo wa watoto wetu ulikuwa ukilishwa kwa chumo ambalo sisi wenyewe hatulikubali majumbani. Lakini ilipoondoka, njaa ilionekana. Sony Sugar walishindwa kufika mechi tatu, na Novemba wakafukuzwa ligini. Klabu zenye mwajiri nyuma yake, kama yetu, zilikuwa na afadhali, na hilo ndilo lililozidi kutukasirisha. Wenzetu walikuwa wakifungwa kwa kukosa nauli. Sisi tulifungwa tumbo limejaa.

Mezani kwangu mazungumzo yakabadilika. Madereva walianza kuifupisha habari. "Bandari vipi?" "Wamefungwa." Basi, hakuna vijiko, hakuna kopo la chumvi. Mpwa wangu akanishauri, na nia yake ilikuwa njema, "Mjomba, si uhamie Gor? Wao wanashinda, na wewe utalala vizuri." Nilimwuliza kama mama yake akiugua atahamia kwa mama wa jirani aliye mzima. Akasema mama si timu. Alikuwa na haki, lakini nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika hushika hoja yoyote iliyo karibu.

Ndipo ikaja ile jioni ninayotaka kuieleza.

Ilikuwa mvua za mwisho wa mwaka 2019, ambazo zilikuwa kali mno, na barabara ilikuwa imejaa matope. Hoteli ilijaa watu waliokwama. Mfanyabiashara mmoja wa viazi, shabiki mkubwa wa Gor Mahia na mcheshi wa kupigiwa mfano, alinipigia kelele kutoka meza ya mwisho, "Mswahili! Wewe si ndiye wa Bandari? Mmezama au bado mnaelea?" Watu wakacheka. Na mimi, huku nikimimina chai, nikajibu, "Ah, mimi siku hizi mpira siufuati sana."

Nilipogeuka nilimwona yule kijana wa Changamwe ameketi karibu na mlango, nguo zimelowa, hata sikuwa nimemwona akiingia. Alikuwa ameisikia kila herufi. Alinitazama kidogo, akasema, "Hata wewe, Ami?" Akaweka pesa ya chai mezani, nusu ya kikombe ikiwa bado ndani, akatoka kwenda kwenye lori lake.

MALORI YAPUNGUA

Nilifikiri atarudi juma linalofuata nami nitaligeuza jambo kuwa mzaha. Hakurudi.

Hapa inanibidi kueleza jambo ambalo ndugu zangu wa Mombasa wanalijua kwa uchungu. Agosti ile ile ya 2019, mwanzoni mwa msimu, ilitoka amri kwamba makasha ya mizigo yapakiwe kwenye reli mpya. Mombasa watu waliandamana, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwani mji mzima unakula kutokana na lori, tangu dereva na utingo mpaka mama muuza viazi karai. Amri ikasitishwa, lakini upepo ulikuwa umekwisha kubadilika. Oktoba 2019 reli hiyo ilifunguliwa kutoka Nairobi hadi Suswa, na kituo chake kimoja kiko hapa hapa Mai Mahiu. Mwaka uliofuata mizigo mingi ya kwenda Uganda na nchi za jirani ikaelekezwa ifuate reli mpaka bohari la Naivasha.

Mimi nilikuwa nikiisikia garimoshi ikipita huku nikihesabu mahamri yaliyobaki kwenye sinia. Lakini nilikuwa na wateja wengine, na huku watu walipata kazi kwa ajili ya reli, kwa hivyo sitasema kila lililokuja lilikuwa la shari. Kijana wa Changamwe hakuwa na bahati hiyo. Wenzake waliniarifu kuwa tajiri wake alikuwa ameyaegesha malori mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa lake. Amerudi nyumbani, walisema, anabangaiza.

Namba yake nilikuwa nayo. Sikumpigia. Ningemwambia nini? Kwamba timu ninaifuata ila siku ile nilikuwa mwoga wa muuza viazi? Siku zikapita, na jambo dogo ukiliacha huota mizizi.

MZEE WA NAKURU

Kuna mzee mmoja Mkikuyu, jirani yangu, ambaye huja kila siku saa nne asubuhi kunywa chai ya tangawizi. Alifanya kazi Nakuru ujanani. Nilimweleza kisa changu kizima siku moja ambayo hapakuwa na wateja, nikitegemea atacheka, kwani watu wa rika lake hawana subira na huzuni za mpira.

Hakucheka. Aliniuliza, "Unajua timu yangu mimi ni ipi?" Nikasema sijui. Akasema, "Nakuru All-Stars."

Akanihesabia kwa vidole. Mwaka 1963, bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Kenya. Mwaka 1969, bingwa tena. Baada ya hapo timu ikafifia mpaka ikatoweka kwenye macho ya watu. Miaka mingi baadaye jina likafufuliwa, na mwaka 2015 likarudi Ligi Kuu. Mzee alipanda matatu kwenda uwanja wa Afraha kuliona jina lile tena, na miguu yake ilikuwa imekwisha kuchoka. Msimu huo ulipomalizika All-Stars ilikuwa mkiani, ikashuka daraja.

"Wewe, Mswahili wangu," akaniambia, "unalia kwa sababu timu yako inafungwa. Ili ifungwe ni lazima icheze. Mimi Jumamosi hunijia nikawa sina hata wa kunifunga."

Kisha akaongeza neno ambalo nimelihifadhi. Alisema kwamba timu haifi siku inaposhuka daraja. Hufa siku ambayo mtu wa mwisho anaulizwa ni ya nani, naye akatazama pembeni. Ubingwa wa 1963 na wa 1969 ungalipo leo kwa kuwa wako wazee kama yeye wa kuusema. Nikamkumbuka baba na Feisal yake. Feisal nami sikupata kuiona katika enzi yake, ila ninayo, kwa sababu baba hakuona haya kuitaja hata katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa akimwuliza.

Siwezi kusema kwamba nilipona siku hiyo. Lakini nilirudisha mazoea ya kuiuliza habari nzima. Dereva akisema "wamefungwa", nilimwambia akae chini, nikamsogezea kopo la chumvi, nikamwambia anionyeshe wamefungwa vipi.

RAMADHANI YA 2020

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na ligi ikasimamishwa siku zile zile. Mwanzoni mwa Aprili, Nairobi ikafungwa, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Misikiti ikafungwa milango. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita lakini watu waliwaogopa madereva utadhani wao ndio maradhi yenyewe, na hoteli yangu nikaiendesha kwa dirisha. Ramadhani ilituingilia katika hali hiyo. Tarawehe tulisali mimi na mpwa wangu wawili tu nyuma ya jiko, na kwetu Mombasa sikuweza kwenda hata kama ningekuwa na nauli.

Katika zile siku za mwanzo za mfungo, tarehe 30 Aprili, Shirikisho la Soka la Kenya likatangaza kwamba msimu umefungwa hapo ulipofika na Gor Mahia ndio mabingwa. Wakubwa wa ligi walilipinga tangazo hilo, na mabishano yakaendelea maofisini, lakini kwa sisi watu wa vibarazani msimu ulikuwa umekwisha. Haukuisha kwa kipenga. Uliisha kama taa inayokatika umeme, kila mtu akabaki na kijiko mkononi.

Jioni ile, baada ya kufuturu, nilikaa na kikombe changu nikaishika simu. Nikajiambia kwamba katika mwezi huu watu husameheana mambo makubwa kuliko haya. Nikampigia yule kijana.

Alipokea mara moja. Tuliulizana hali, akanieleza kuwa yuko salama, watoto salama, kazi hakuna, ila ndugu yake ana mashua na siku moja moja hupata kitoweo. Nikamweleza ya huku. Kisha tukanyamaza, ule unyamavu wa watu wawili wanaojua wanachokizunguka. Nilipokuwa nikitafuta pa kuanzia, yeye akanitangulia.

"Ami, nikuulize. Wewe ni wa timu gani?"

Nikamwambia, "Mimi ni wa Bandari."

"Wamemaliza wa ngapi?"

"Katikati huko. Hawana sura."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Kasarani, na hata huko hakucheka sana. Akasema, "Basi mwakani, inshallah," na yeye neno hilo alilitumia kwa maana yake.

LA KUJIFUNZA

Msomaji mwingine atauliza kama mpira unastahili maneno yote haya. Nami naishi mahali ambapo nimefunzwa tofauti ya hasara na msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliteremka kutoka mlimani yakaifagia Kamuchiri, hapa hapa Mai Mahiu, yakachukua watu wengi waliokuwa wamelala. Siku zile tulibeba majirani na kupika kwa ajili ya waliobaki, na hakuna aliyeuliza habari ya ligi. Mpira si roho ya mtu. Mwenye kuulia au kuvunjia ndugu kwa ajili ya mpira amepotea njia.

Lakini wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na neno hilo hawakulisema kwa upande mmoja. Sisi hulitumia kuwahukumu rafiki zetu, tukasahau kujiuliza sisi tunamfaa nani kwa dhiki. Timu ni mahali pepesi pa kujipima. Hapana gharama kubwa, hapana anayekutazama, na kuikana ni rahisi mno, unaweza kuikana huku ukimimina chai. Na mimi katika jambo hilo jepesi nilishindwa, mbele ya kijana aliyekuwa amenihesabu kuwa mtu mzima wake. Tangu hapo nimekuwa nikijichunga katika mambo mazito.

Yule kijana baadaye alipata lori jingine, alhamdulillahi, la kupeleka saruji, na hupita huku pale mzigo unapomleta. Akija huketi karibu na mlango kama zamani. Mpwa wangu humwekea kikombe, nami huchukua kopo la chumvi nikaliweka katikati ya meza. Kama tumeshinda, hunionyesha bao. Kama tumefungwa, hunionyesha bao vile vile, pole pole, kijiko kwa kijiko, mpaka tukafahamiana ni nani aliyemwacha mtu wake.